Sura ya Nne: Nani Anachukua Mfuko wa Kwanza

Katika machimbo madogo ya ukanda wa Kahama na Geita, mgao wa kwanza haufanyiki kwa shilingi. Hufanyika kwa mifuko. Mawe yakishapandishwa kutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hujazwa kwenye viroba, viroba hupangwa chini, na kila mwenye haki huchukua fungu lake akalipeleke mwenyewe karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe. Mwenye leseni ana mifuko yake, mwenye duara ana yake, wachimbaji waliozama wana yao. Mfadhili aliyenunua matimba, kamba, unga na mafuta ya jenereta hurudishiwa gharama zake kwanza, au huchukua fungu walilokubaliana tangu siku ya kuanza. Viwango havilingani kila mahali. Hata hivyo, kabla mtu hajashuka hata mita moja, kila mmoja anajua anasimama wapi kwenye foleni ya mgao.

Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, na iko jirani na mojawapo ya migodi mikubwa ya dhahabu nchini, Bulyanhulu. Mkazi wake aliyewahi kufadhili duara ameshajifunza nusu ya somo la hisa bila kusoma kitabu chochote. Anajua kwamba watu wawili wanaweza kudai mali ileile kwa haki tofauti kabisa: mmoja hulipwa hata mwamba ukiwa mkavu, mwingine husubiri dhahabu ionekane, mmoja ana sauti ya kuamua duara liendelee au lifungwe, mwingine hana.

Tatizo huanza mtu huyohuyo akifungua programu ya Hisa Kiganjani ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) kwenye simu yake. Pale mbele yake kuna majina na bei, na maswali yote aliyokuwa akiuliza machimboni humtoka. Anauliza moja tu: ipi ni bei rahisi? Anaona hisa ya shilingi mia nne na hisa ya shilingi elfu kadhaa, anachagua ya mia nne kwa kuwa atapata nyingi. Bei ya hisa moja haimwambii lolote juu ya anachokinunua. Kinachomhusu ni haki iliyobebwa na hisa hiyo, na tabia ya biashara iliyo nyuma yake.

Ni vizuri pia kutenganisha mapema hisa hizi na zile za kikoba. Katika kikoba, thamani ya hisa moja hupangwa na wanachama wenyewe, haipandi wala kushuka kila siku, na mwaka ukiisha kikoba huvunjwa na kila mtu huondoka na akiba yake pamoja na faida ya mikopo. Hisa ya kampuni haivunjwi. Kampuni haina wajibu wa kukurudishia ulichonunulia. Ukitaka fedha zako, lazima apatikane mtu mwingine wa kuinunua hisa hiyo sokoni, kwa bei ya siku hiyo.

Karibu kila hisa inayouzwa Dar es Salaam ni hisa ya kawaida. Mwenye nayo anapiga kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kura moja kwa kila hisa. Anapata gawio iwapo bodi imelipendekeza na mkutano umelipitisha. Na kampuni ikifa, yeye ni wa mwisho: wafanyakazi, mamlaka ya kodi, benki na wenye hatifungani hutangulia, naye hupata kilichobaki, kama kimebaki. Wakulima wa miwa wa magharibi mwa Kenya wanaifahamu foleni hiyo. Wengi wao walinunua hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias zilipouzwa kwa umma mwaka 2001, wakaamini kiwanda wanachokiuzia miwa hakiwezi kuanguka. Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikikidai, ilikiweka chini ya meneja mfilisi. Mkopeshaji ndiye aliyeshika funguo.

Kwa nini basi mtu akubali kusimama mwisho? Kwa sababu anayesimama mwisho ndiye pekee ambaye fungu lake halina kikomo. Mkopeshaji hupata riba yake na hapati zaidi hata mambo yakinyooka. Mwenye hisa ya kawaida hupata chote kinachozidi.

Mfano mzuri kuliko wote nchini ni NMB. Mwaka 2008 serikali iliuza sehemu ya hisa zake katika benki hiyo kwa wananchi, shilingi 600 kila moja. Mwalimu au mfanyabiashara aliyenunua hisa 1,000 alitoa shilingi 600,000. Kwa faida ya mwaka 2024 pekee, NMB ililipa gawio la shilingi 428.85 kwa kila hisa. Mtu huyo, kama hakuuza, alistahili shilingi 428,850, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa sokoni, akabaki na takriban 407,000. Ni kweli kwamba shilingi ya 2008 ilinunua vitu vingi kuliko ya leo, na hesabu ya haki lazima ilitambue hilo. Hata hivyo, theluthi mbili ya mtaji wa awali kurudi kwa gawio la mwaka mmoja, huku hisa zenyewe bado ziko mkononi, ni jambo ambalo hakuna akaunti ya akiba iliyowahi kumfanyia mtu.

Aina ya pili ni adimu kwetu, na inafaa kuitazama Nairobi. Ni hisa za upendeleo. Katika orodha ya bei ya Soko la Hisa la Nairobi, Kenya Power haionekani mara moja bali mara tatu. Kuna hisa zake za kawaida, kuna za upendeleo za asilimia 4, na kuna za upendeleo za asilimia 7. Thamani iliyoandikwa kwenye hizi mbili za mwisho ni shilingi 20 za Kenya, kwa hiyo ya asilimia 4 inadai senti 80 kwa mwaka na ya asilimia 7 inadai shilingi 1.40, siyo zaidi, hata kampuni ikivuna mabilioni. Lakini ni za kulimbikiza. Mwaka ambao gawio halikulipwa unageuka deni linalosubiri, na deni hilo hulipwa kabla mwenye hisa ya kawaida hajapewa senti. Baada ya 2017 Kenya Power ilipitia miaka ya shida ambayo wanahisa wa kawaida walitoka mikono mitupu, hadi mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024 walipotangaziwa senti 70 kwa hisa. Katika kipindi kama hicho, tofauti kati ya mistari ile mitatu kwenye orodha ni tofauti ya mfadhili wa duara na mchimbaji. Mmoja amekubali kidogo cha uhakika zaidi. Mwingine amebaki na tumaini lote na hatari yote.

Kuna pia hisa zinazotenganishwa kwa kura. Alphabet, kampuni mama ya Google, ina hisa za daraja A zenye kura moja, za daraja B zenye kura kumi ambazo hazipo sokoni na ziko mikononi mwa waanzilishi na watu wachache, na za daraja C zisizo na kura kabisa. Mamilioni ya watu wanamiliki C bila kujali. Huo ni uamuzi wao, mradi wanajua kwamba wamenunua faida bila sauti.

Lakini kwa mtu wa Segese, hakuna haja ya kwenda California kutafuta darasa. Historia ya mwamba ulio jirani yake imepitia karibu kila aina ya hisa ambayo mwekezaji anaweza kukutana nayo, na inastahili kusimuliwa polepole.

Mwaka 1994 serikali ilikubaliana na Sutton Resources, kampuni ndogo ya Vancouver, Kanada, kuhusu eneo la Bulyanhulu, na kampuni tanzu yake ya Kahama Mining ikashika kazi hapa nchini. Sutton haikuwa ikiuza dhahabu. Ilikuwa ikiuza matumaini ya dhahabu: ramani, matokeo ya uchorongaji, makadirio ya wakia zilizo ardhini. Hisa za kampuni za namna hii, za utafutaji, huishi kwa habari. Sampuli ikitoka nzuri, bei huruka; mashine ya kuchoronga ikikosa mwamba, bei hufa. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, tukio lenye madai mazito ya vifo ambayo serikali na kampuni ziliyakanusha, na ambalo wazee wa ukanda huu bado wanalizungumza kwa uchungu. Mnunuzi wa hisa aliyekaa Kanada angeweza kuzinunua na kuziuza bila kujua lolote kati ya hayo.

Ni miaka hiyohiyo dunia ilipopata funzo kubwa kuhusu hisa za utafutaji. Kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza imepata hazina kubwa ajabu ya dhahabu huko Busang, kwenye kisiwa cha Borneo, Indonesia. Thamani ya hisa zake ilizidi dola bilioni 6 za Kanada, na makampuni makubwa, Barrick likiwemo, yakagombea kuingia. Mwaka 1997 ikabainika kwamba sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu kutoka kwingine. Hisa zikageuka karatasi. Mchimbaji mdogo wa Msalala, ambaye hakubali kununua mawe ya mtu bila kuyasaga kidogo na kuyaosha mbele ya macho yake, alikuwa na tahadhari ambayo mameneja wa mifuko ya fedha ya Toronto walikosa.

Bulyanhulu ilikuwa ya kweli. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji. Hapo hisa ikabadilika aina. Aliyekuwa na hisa ya Sutton alikuwa na tiketi ya eneo moja tu. Aliyekuwa na hisa ya Barrick alikuwa na kipande cha kampuni kubwa yenye migodi katika mabara kadhaa, ambayo mgodi mmoja ukisimama mingine inaendelea kulipa.

Machi 2010 Barrick ilifanya jambo jingine. Ilikusanya migodi yake ya Tanzania kwenye kampuni mpya, African Barrick Gold, ikauza sehemu yake kwenye Soko la Hisa la London kwa peni 575 kila hisa, yenyewe ikabaki na sehemu kubwa. Desemba 2011 hisa hizo ziliorodheshwa pia Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza, mtu wa Kahama aliweza kwa sheria na kwa utaratibu kumiliki kipande cha mgodi ulio nyuma ya nyumba yake. Jina likaja kubadilishwa kuwa Acacia mwaka 2014. Ila soko lake hasa lilibaki London. Kwenye ubao wa Dar es Salaam hisa hizo zilikaa kama mgeni, kama zinavyokaa nyingi zilizoorodheshwa pia kutoka nje, mfano Kenya Airways na KCB. Jina linasomeka, wauzaji ni wachache.

Kilichofuata ndicho kila anayetamani hisa za dhahabu anapaswa kukijua. Machi 2010 wakia moja ya dhahabu ilikuwa karibu dola 1,100. Julai 2019, Barrick ilipokubaliana kuwanunua wanahisa wadogo wa Acacia, wakia ilikuwa imezidi dola 1,400. Dhahabu ilikuwa imepanda. Na hisa? Ofa ya Barrick ilizithamini karibu peni 232, chini ya nusu ya bei ya kuanzia. Walikuwepo waliopokea magawio katikati, na waliolipwa kwa hisa za Barrick, 0.168 kwa kila hisa moja ya Acacia, walipata nafasi ya kupanda na Barrick baadaye. Pamoja na hayo yote, mtu aliyeamini kwamba kununua hisa za mgodi ni kununua dhahabu alikosea kwa kiasi kikubwa.

Alichonunua ni biashara: gharama za umeme na dizeli, ubora wa mwamba unaobadilika kila wanapochimba, maamuzi ya menejimenti, na uhusiano na nchi. Uhusiano huo ulivunjika Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliripoti Mei, ya Profesa Nehemiah Osoro ikaripoti Juni, na Julai Acacia ikapewa madai ya kodi na riba ya dola bilioni 190. Bulyanhulu, iliyotegemea makinikia, ilipunguza shughuli zake mwaka huohuo, na watu wa Kakola, Bugarama na Segese waliokuwa wakiuza vyakula, kupangisha vyumba na kuendesha magari ya mgodi waliliona tatizo hilo mifukoni mwao kabla ya mchambuzi yeyote wa London.

Kutoka kwenye mgogoro huo ilizaliwa aina ya hisa ambayo vitabu vingi vya uwekezaji vya nje havina. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliipa serikali haki ya angalau asilimia 16 katika kampuni yenye leseni ya uchimbaji mkubwa, bila kutoa mtaji, na bila sehemu hiyo kupunguzwa kampuni inapoongeza hisa. Januari 2020 serikali na Barrick zilisaini makubaliano ya Twiga Minerals, Barrick asilimia 84 na serikali asilimia 16, hisa zikishikwa kwa niaba ya umma na Msajili wa Hazina. Oktoba 2020 Twiga ilitangaza gawio la kwanza la dola milioni 250. Milioni 40 zilikwenda serikalini, ambayo ni asilimia 16 kamili.

Neno la kushika hapo ni "bila kupunguzwa". Mwanahisa wa kawaida hana kinga hiyo, na CRDB ilionyesha hivyo mwaka 2015. Benki ilihitaji mtaji, ikawapa wanahisa wake haki ya kununua hisa moja mpya kwa kila tano walizokuwa nazo, kwa shilingi 350. Ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 152. Aliyelipa alibaki na ukubwa wake uleule ndani ya benki. Aliyekosa fedha, au aliyeitupa barua akidhani ni tangazo, alipungua: mwenye asilimia 1 alibaki na asilimia 0.83, ingawa hakuuza hata hisa moja. Hisa zake hazikuibiwa na mtu. Kampuni ilikua na yeye akabaki palepale.

Habari ya CRDB inafundisha kitu kingine, kwamba aina ya hisa kwa maana ya tabia yake haikai milele. Ilianza kuuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Ikapanda hadi watu wakalipa 350 bila kusita. Kisha mikopo mibovu ikaitafuna faida, gawio la mwaka 2017 likawa shilingi 5 tu, na kufikia 2019 bei sokoni ilikuwa chini ya ile ya 150 ya miaka kumi nyuma. Aliyeuza wakati huo alikuwa na hoja. Halafu benki ikajisafisha, na gawio likapanda: 36 kwa mwaka 2021, 45 kwa 2022, 50 kwa 2023, 65 kwa 2024. Madalali wakiwa na haraka huita hisa fulani "ya gawio" na nyingine "ya ukuaji". CRDB imekuwa vyote viwili, na katikati ilikuwa hisa ambayo hakuna aliyeitaka.

Mgawanyo huo una maana yake, mradi usichukuliwe kama mhuri. Kampuni ya bia ya TBL, au ya sigara ya TCC, huuza kitu ambacho watu hawaachi kununua hali ikiwa ngumu, wala haina haja ya kujenga kiwanda kipya kila mwaka; kampuni ya namna hiyo inaweza kugawa sehemu kubwa ya faida. Saruji hufuata ujenzi, na ujenzi hufuata bajeti ya serikali na fedha za watu. Faida yake hupanda na kushuka. Safaricom ilipouzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya ilikuwa hisa ya ukuaji, na wanunuzi wa haraka walikata tamaa ilipoteremka chini ya 3 mwanzoni mwa 2009. Mwaka 2021 ilivuka 40. Miaka miwili baadaye ilikuwa imerudi chini ya 20. Watu watatu wamemiliki hisa hiyohiyo na kila mmoja ana kisa chake, kulingana na mwaka alioingia.

Vodacom Tanzania iliuzwa mwaka 2017 kwa shilingi 850, kwa sababu sheria iliyalazimu makampuni ya simu kuuza robo ya hisa zao kwa umma. Wengi walinunua kwa mtazamo wa Safaricom. Bei ikaja kuganda kwenye 770 kwa muda mrefu. Bei isiyotikisika kwa miezi humfurahisha mgeni wa soko, anaiona salama. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna anayenunua, na anayetaka kuuza hisa 5,000 kwa ajili ya ada ya shule Januari anaweza kusubiri hadi Juni. Kwa mtu ambaye kipato chake huja kwa msimu wa mpunga au kwa bahati ya mwamba, hiyo ni sifa ya kuuliza kabla ya gawio. Kila siku DSE huchapisha idadi ya hisa zilizouzwa kwa kila kampuni. Mstari wenye sifuri siku baada ya siku ni taarifa.

Zipo pia hisa za kampuni zenye mwisho unaojulikana, na hizi zinawahusu sana watu wa ukanda wa dhahabu. Mgodi wa Buzwagi, pembezoni mwa mji wa Kahama, ulianza 2009 na ukaacha kuzalisha 2021. Golden Pride wa Nzega ulioutangulia ulishafungwa. Benki inaweza kuishi miaka mia moja, shimo haliwezi. Kwa hiyo gawio la kampuni ya mgodi mmoja lisihesabiwe lote kama faida, kwa maana sehemu yake ni mtaji wako mwenyewe unaorudi kidogokidogo kabla mawe hayajaisha. Waganda wameliona hili kwenye umeme. Kampuni iitwayo Umeme, iliyoorodheshwa Kampala mwaka 2012, ilikuwa na mkataba wa miaka ishirini wa kusambaza umeme. Mkataba uliisha Machi 31, 2025, shughuli zikarudi kwa kampuni ya serikali, na wanahisa wakabaki na mvutano wa fidia. Tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza.

Kwa mwekezaji wa Segese kuna swali ambalo wa Dar es Salaam hana. Maisha yake tayari yako kwenye dhahabu. Duka lake linauza kwa wachimbaji, nyumba yake inapangwa na watu wa karasha, hata mpunga wake hununuliwa kwa fedha ya dhahabu. Akinunua na hisa za dhahabu, mwaka mbaya utampiga mara mbili, kama ambavyo 2017 ingemfanyia. Ni busara zaidi kwake kushika kitu kinacholipwa na watu wasioijua Bulyanhulu: benki yenye matawi nchi nzima, saruji, bia, au vipande vya mfuko wa UTT AMIS ambao huchanganya hisa na hatifungani kwa niaba ya wasio na muda wa kuchagua. Faida ya dhahabu ataipata tu kupitia duka lake.

Lakini hata akitaka kinyume, hawezi. Acacia ilipoondoka sokoni, mlango ulifungwa. Barrick inauzwa New York na Toronto; AngloGold Ashanti, yenye mgodi wa Geita, soko lake kuu ni New York; Twiga haimo kwenye ubao wowote. Kanuni za mwaka 2016 zilitaka wachimbaji wakubwa wauze asilimia 30 kwa Watanzania kupitia DSE, na hakuna mgodi mkubwa wa dhahabu unaouzwa pale. Mkazi wa Msalala anaweza kununua kipande cha kampuni inayopika bia Mwanza, ila hawezi kununua kipande cha mwamba anaousikia ukilipuliwa. Hilo si sawa, na linaweza kurekebishwa.

Litakaporekebishwa, asikimbilie bei. Mwanahisa mdogo wa mgodi wa Tanzania atakaa meza moja na mwanahisa asiyetoa mtaji wala kupunguzwa. Tuseme mgodi unahitaji dola milioni 100 za upanuzi, na unazitafuta kwa hisa mpya badala ya mkopo. Serikali itabaki na asilimia 16 yake bila kuchangia, kwa hiyo milioni zote 100 zitatoka kwa wenye asilimia 84. Wananchi wakiwa na asilimia 10 na wakitaka kubaki hapo, hawatachangia milioni 10. Watachangia takriban milioni 11.9. Serikali inazo sababu nzuri za kushika haki hiyo, kwani ni kwa ajili ya umma wote, wakiwemo ambao hawatanunua hisa kamwe. Ila gharama yake ipo, na hesabu yake hukaa ndani ya waraka wa matarajio, mbali na picha za jalada. Mnunuzi wa Segese ana haki ya kuisoma, kwa Kiswahili, kabla hajatuma fedha zake.